Aliyepigwa Ndiye Husema

Fundi hakuwa mtu wa kutulia. Ukimkuta dukani ameketi, mguu mmoja uko kwenye cherehani na mwingine unapiga sakafu, mkono wa kulia unautafuta mkasi ulio katika mkono wa kushoto. Ukimpa kiti, hukalia ncha. Ukimpa chai, huinywa akizunguka duka, akiinua vitambaa na kuvirudisha palepale. Mimi nami sina subira. Ndiyo maana tulipatana, na ndiyo maana tuligombana karibu kila Jumamosi kwa miaka minne.

Nalisema hili mapema nisije nikajificha nyuma ya sifa: mtu huyu nilimkosea. Nilinyamaza mahali nilipotakiwa kusema, na juu ya kunyamaza kwangu yeye akaapa kwa Mungu, mbele ya watu, kwamba mimi ni mkweli. Kwa miaka miwili kiapo hicho kilinikaa kooni. Nikikumbuka utani wake nakikumbuka, nikikumbuka mahamri yake nakikumbuka.

Alikuwa fundi cherehani wa Malindi, mwenye duka katika kichochoro cha mji wa kale, na umri wake ulikuwa umeshapita sitini. Sisi tulikuwa vijana sita wa kazi mbalimbali. Mimi, msichana, nilikuwa nauza misumari na rangi katika duka la vifaa vya ujenzi. Kazungu, rafiki yangu wa Ganze, alikuwa anaendesha bodaboda. Tulikuwa tumeanzisha timu ya mchezo wa bunduki za punje, tukampelekea kitambaa atushonee sare.

Mchezo wenyewe ni vita vya uongo. Bunduki zinafanana na za kweli, lakini hutema punje za plastiki zenye ukubwa wa mbegu ya papai. Zilikuwa za mwenye uwanja mmoja kule Kilifi, mtu mwenye kibali, aliyezigawa kwa nambari asubuhi na kuzikusanya jioni. Punje ikikupata inauma kidogo, basi. Haiachi rangi wala alama. Aliyepigwa ndiye anayejua, naye anatakiwa ainue mkono, aseme, atoke uwanjani.

Tulimweleza Fundi hayo yote huku akimpima Kazungu mabega.

"Na hawa ni watu wazima?" akauliza.

"Watu wazima, Fundi."

"Na aliyepigwa asiposema?"

Jumamosi iliyofuata alifunga duka baada ya adhuhuri akaja kututazama. Mwezi haukuisha, akawa anacheza nasi, tena ndiye anayetuongoza. Hatukumchagua, tulijikuta tu tunamsikiliza.

Kwa kuwa bunduki hatukuwa nazo mjini, alitufanyisha mazoezi kwa mipini ya mafagio. Mtu mzima na kazi yako, unavizia nyuma ya mnazi na mpini mkononi, unamlenga mwenzako, unasema "Pa!" Halafu aliyelengwa ndiye anayeamua kama kapigwa. Watu waliopita njiani walisimama kucheka. Fundi hakucheka. Siku moja nilimlenga Kazungu kifuani, hatua tatu tu, nikasema pa, naye akaendelea kutembea. Nikapiga kelele kwamba nimempata.

"Wewe nyamaza," Fundi akanikemea. "Mpigaji hadai. Aliyepigwa ndiye husema."

"Lakini Fundi, nimempata! Hata wewe umeona!"

"Mwili ni wake. Mwache aulize mwili wake."

Tukasimama juani tukingoja Kazungu aulize mwili wake. Aliuliza kwa muda mrefu, maskini, huku jasho likimtoka, kisha akainua mkono. Fundi akamkumbatia kana kwamba ameshinda vita vya kweli. Mimi niliyempiga sikupata hata ahsante, na ilinikera.

Hiyo ndiyo ikawa desturi yetu, na timu nyingine zilitucheka kwayo. Sisi hatukuwa tukimwambia mtu tumempata. Tulipiga, tukangoja. Tulipoteza michezo mingi kwa ajili hiyo, maana si kila timu inauliza miili yake.

Alikuwa na makatazo yake. Wachezaji wengine wakipigwa hupiga kelele "Nimekufa!" Sisi alitukataza katakata. Maneno huumba, alisema, usijiitie mauti kwa ajili ya plastiki. Kwa hiyo sisi tulisema "Nimetoka!" Siku moja mazoezini Kilifi, Kazungu alimpiga Fundi mwenyewe kisogoni kwa bahati mbaya. Kazungu alitaka kulia. Fundi aliinua mkono, akasema nimetoka, akaenda kukaa nje. Tulipomwambia kwamba ya mwenzako haihesabiwi, akatukatalia, na mwenye uwanja akamuunga mkono kwamba kanuni inasema punje yoyote.

"Punje haina kabila," Fundi akasema, akaendelea kujikuna kisogo.

Kuapa ndiko alikokuchukia zaidi. Mchuuzi mmoja alikuja dukani na jora la kitambaa, kila neno wallahi: wallahi hakirudi, wallahi hakichuji. Fundi akamletea ndoo ya maji. "Usiape, yakhe. Lowesha." Mchuuzi akakunja jora lake akaenda zake. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia Fundi akiapa, hata kwa mzaha, isipokuwa mara moja.

Msije mkadhani alikuwa malaika. Mtu huyo aliyetaka tuulize miili yetu alikuwa akiwaambia wateja "njoo kesho" huku kitambaa chao hakijakatwa hata upande mmoja. Nilipomsuta alisema huo si uongo, ni desturi ya kazi, na kila mteja anaijua kesho ya fundi. Alikuwa na majivuno pia. Alitunga uzi kwenye sindano bila kutazama, kwa kuugusa na mdomo, na alipenda tumwone akifanya hivyo. Miwani aliidharau. Alisema ni mapambo ya makarani. Mwaka ule wa mashindano nitakayoyaeleza alimshonea mtu suruali yenye mguu mmoja mrefu kuliko mwingine, akalilaumu jora zima la kitambaa kwa nusu saa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akaninunia siku mbili.

Kwangu alikuwa na utani wake wa kudumu. Wazazi wangu walitoka bara kuja kufanya kazi za hoteli, nami nimezaliwa na kukulia Malindi, lakini nikikosa subira tu utamsikia: "Nyinyi wa bara mwakimbizwa na nani?" Yeye mwenyewe wakati huo amesimama, anapiga kidole mezani, hawezi kungoja chai ipoe.

Mashindano makubwa yalikuwa Kilifi, katika shamba la zamani la katani, tangu Ijumaa hadi Jumapili. Timu zilikuja kutoka Mombasa, Nairobi na kwingineko, kila moja na mahema yake. Tulikodi pikapu. Tuliposimama mlangoni kwa Fundi tulimkuta ametoa nje jiko, birika, sufuria mbili, ndoo ya mahamri, na cherehani ya mkono.

"Fundi, cherehani ya nini?" Kazungu akauliza.

"Wewe waijua katani?"

Aliijua yeye. Majani yake yana miiba nchani, na kufika Jumamosi saa nne nusu ya wachezaji walikuwa wamechanika nguo. Fundi aliiweka cherehani juu ya sanduku mbele ya hema letu, na foleni ikaanza. Maadui wetu walisimama na taulo viunoni wakingoja suruali zao. Nahodha wa Nairobi, kijana mrefu mwenye adabu, alichanika toka paja mpaka goti. Fundi akamshonea bila kumtoza, akamlisha mahamri na mbaazi, akamwambia alegeze mkono anapolenga. Nilimvuta pembeni nikamuuliza kama anajua tutacheza na nani.

"Najua. Wataka nimwache na paja wazi?"

Usiku nadhani hakulala. Alikaza kamba za hema zilizokwisha kazwa, akavihesabu vigingi, akatuamsha kabla ya alfajiri. Jumamosi mchana, katikati ya mapambano, alisimama ghafla kichakani, akainua mkono, akasema nimetoka. Mwamuzi akamkimbilia kumuuliza amepigwa wapi.

"Sijapigwa. Adhuhuri imeingia."

Akaenda kuswali, na sisi tukapoteza mchezo ule. Nilikuwa na hasira kiasi cha kutupa kofia. Nilitaka kushinda, sijui niseme vipi. Nilikuwa nimechoka kuwa timu ya watu wema wanaorudi nyumbani mikono mitupu. Nadhani hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.

Jumapili alasiri tulibaki timu mbili, sisi na Nairobi. Kazi yetu ilikuwa kulinda mlango wa nyumba ya zamani ya kupimia katani. Kipenga cha mwisho kikilia na mmoja wetu bado yuko mlangoni, kombe ni letu. Wenzangu walitoka mmoja baada ya mwingine, Kazungu wa mwisho wao. Mlangoni nikabaki mimi peke yangu, nimepiga goti, nimeikabili barabara. Fundi alikuwa amelala kwenye majani nyuma yangu, upande wa kushoto, hatua kama thelathini, akinilinda.

Dakika za mwisho nahodha wa Nairobi alichomoka kwenye katani kushoto kwangu. Bunduki zikatema pande zote mbili kwa pamoja. Hapo ndipo punje iliponiuma mgongoni, chini ya bega. Nikajua mtu wao amenizunguka. Nilishtuka, nikageuka, nikafyatua, na yule nahodha akainua mkono. Kipenga kikalia.

Kati ya kuumwa na kugeuka nilikuwa na nafasi ya kuinua mkono. Nilikuwa nayo. Mwili wangu ulikuwa umeshasema.

Nahodha hakupiga kelele. Alimwendea mwamuzi akasema, "Huyu dada alipigwa kabla hajanipiga. Nilimwona akiruka." Mwamuzi akanigeukia. Akaniuliza, tena kwa upole, kama nimepigwa. Timu zote zilikuwa zimesogea. Nilifungua mdomo, na mpaka leo sijui ningesema nini, maana Fundi alifika akihema, majani kichwani, akasimama mbele yangu.

"Wallahi," akasema, "huyu hakupigwa."

Nahodha wa Nairobi alimtazama mzee aliyemshonea suruali. Akainamisha kichwa. "Kama mzee ameapa, mimi sina neno." Wakatukabidhi kombe. Wenzangu waliimba njia nzima mpaka Malindi, na mimi nilikaa nyuma ya pikapu nikijiambia kwamba sasa siwezi kusema tena. Nikisema nimemuumbua Fundi. Nikinyamaza nimemwacha na kiapo cha uongo asichokijua, yeye ambaye hata kitambaa hakukiapia. Niliona aibu, na kila siku iliyopita iliongeza aibu nyingine.

Jumamosi iliyofuata Fundi hakuja. Alisema ana kazi nyingi. Iliyofuata pia. Nilipopita dukani aliniitikia salamu akiwa ameinamia cherehani, na mguu wake haukuacha kupiga sakafu. Nikajua amejua. Amesikia mahali, au amelisoma usoni mwangu, na hataki kuniona. Bila yeye timu ilikufa polepole. Kazungu alilichukua kombe akalipeleka kwao Ganze. Mimi nilipata kazi Mariakani, kwenye kiwanda cha maziwa, nikaondoka bila kumuaga. Nilimwandikia ujumbe mara nyingi nikaufuta. Nikija Malindi nilizunguka njia ya mbali nisipite kichochoro kile. Nilikuwa situlii popote. Hata kanisani nilitoka kabla ya sala ya mwisho.

Nikamkuta mahali nisipopatarajia. Nilikuwa nimempeleka mama kliniki ya macho Kilifi, asubuhi, foleni ndefu. Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa mzee, jicho moja limefunikwa pamba na plasta, mguu unapiga sakafu. Mguu ule ningeujua popote. Nilimwacha mama kwenye foleni nikamwendea.

"Shikamoo, Fundi."

Aligeuza kichwa upande usio wangu, kisha akanipata. "Marahaba. Sauti ya Wanza hiyo. Wa bara, wakimbizwa na nani?"

Nilikaa. Nikamuuliza jicho lina nini.

"Mtoto wa jicho. Hili wamelipasua jana. La pili, wasema mwezi ujao."

"Tangu lini, Fundi?"

"Tangu kabla ya katani."

Sikulisikia jibu hilo kama lilivyostahili kusikiwa. Nilikuwa na langu, na niliogopa nikingoja kidogo tu nitalimeza tena. "Fundi, siku ile mlangoni nilipigwa. Nilihisi. Sikuinua mkono, ukaniapia, na hukustahili kuapa kwa ajili ya mtu kama mimi. Nisamehe."

Mguu ukasimama. Sikuwahi kuuona umesimama.

"Wewe wamjua aliyekupiga?"

"Mtu wao mmoja alinizunguka."

"Hakuna aliyekuzunguka. Nahodha wao alibaki peke yake. Nilikupiga mimi."

Nikageuka nikamkabili.

"Niliona kivuli charuka, nikakipiga," akasema. "Uliposhtuka ndipo nikakujua. Nikangoja uinue mkono, hukuinua. Nikasema moyoni, hakuhisi. Mgongo wa sare yako nilikuwa nimeushona tabaka mbili, wewe ndiye uliyelalamika sana kwamba punje zauma. Nikasema kitambaa kimemkinga, mtoto wa watu hajui lolote."

"Mbona ukaapa?"

"Kwa kuwa ulikuwa wafungua mdomo, nami niliogopa utasema hujui, waanze kuulizana nani alipiga wapi. Wangefika kwangu. Na wangeniuliza ilikuwaje nikampiga mwenzangu hatua thelathini, mchana kweupe. Nani ampelekee kitambaa fundi asiyeona? Niliikimbilia ile wallahi kabla hawajaanza."

"Kwa hiyo hukujua kwamba nilihisi?"

"Ningejuaje? Nilikuwa siwezi kukutazama. Niliona nimekutia katika ushindi wa wizi na wewe huna habari."

Nilikasirika. Sitaficha. Miaka miwili nilijiona mwizi peke yangu, nikamkimbia mtu niliyempenda kama baba, kumbe naye alikuwa akinikimbia mimi. Nilimwambia hivyohivyo, kwa sauti, watu wa foleni wakageuka. Nikamwambia angenipigia simu moja tu. Alinisikiliza mpaka nikaisha.

"Na wewe je?" akauliza. "Simu hukuwa nayo?"

Muuguzi aliita nambari ambayo haikuwa ya mama.

"Kafara nimetoa," akasema baadaye. "Nimelisha masikini kumi. Shekhe aliniambia hayo ni ya Mola, lakini mtu uliyemdhulumu mrudie mwenyewe. Hapo ndipo niliposhindwa." Akatoa simu kwenye mfuko wa shati, akanipa. "Nitafutie. Nimemwandika Suruali Nairobi."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nikingoja jicho la pili lifunguliwe nitapata udhuru mwingine."

Nilimtafuta. Nikabonyeza, nikaweka sauti ya nje, nikamrudishia. Yule nahodha alipokea kwa furaha. Alimkumbuka vizuri, akauliza mbona mzee alipotea, na kama bado anashona.

"Nina neno, mwanangu," Fundi akamkatiza. "Siku ile ya mlango niliapa uongo. Yule binti alipigwa kabla hajakupiga. Nilimpiga mimi, kwa macho mabovu. Kombe lilikuwa lenu."

"Mzee, hayo yamepita," nahodha akasema. "Ulikuwa mchezo tu."

"Kiapo hakikuwa mchezo. Nakutaka radhi. Na yule binti usimtie makosani. Yeye hakuhisi kitu. Mgongo wa sare ulikuwa tabaka mbili, niliushona kwa mkono wangu, punje isingempenya. Hakujua lolote."

Nilimtazama. Hata robo saa haikuwa imepita tangu nimwambie kwa kinywa changu kwamba nilihisi. Alikuwa amegeuzia uso ukutani, na mguu umeanza tena kupiga sakafu. Aliipata nafasi ya kujisafisha, na akiwa katikati yake akaichafua kwa ajili yangu.

Niliuchukua mkono wake, nikaitoa simu kati ya vidole.

"Nilihisi," nikasema. "Mimi ndiye yule dada wa mlangoni, naitwa Wanza. Ilinipata chini ya bega la kushoto, na nilihisi."